Chukua watu elfu moja: mwongozo kamili wa kupima nafasi na hatari kabla hujaamua

Mtu akikuambia "nafasi ni asilimia 25", bado hajakuambia kitu. Asilimia 25 ya nani? Kwa mara moja, kwa mwaka, au kwa maisha yote? Wazazi wanaoambiwa kliniki kwamba mtoto wao anaweza kuzaliwa na selimundu kwa nafasi ya moja kwa nne, kijana aliyejaza mkeka wa kubeti wa mechi kumi, mkulima anayesikia redioni kwamba mvua zitakuwa za wastani hadi chini ya wastani, mwenye duka sokoni anayeulizwa kama atakata bima: wote hao wanashughulika na hesabu ya aina moja. Wengi wao walifundishwa hesabu hiyo sekondari kwa mipira ya rangi ndani ya mfuko, mtihani ukaisha, mipira ikasahauliwa.

Naamini mtu mzima anaihitaji hesabu hii kama anavyohitaji kusoma na kuandika. Inaokoa fedha, na mara nyingine inaokoa ndoa na uhai. Haitaki kipaji. Njia nitakayoitumia ni moja, na nitairudia kila mahali: weka asilimia pembeni, hesabu watu. Chukua watu elfu moja walio katika hali kama yako, wagawe mafungu, kisha tazama wewe unaweza kuangukia fungu lipi. Andaa karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu, ufanye mifano hii kwa mkono wako.

Hatua ya 1: Uliza "kati ya wangapi?"

Habari za hatari hupenda kuja zikiwa zimevaa maneno kama "imeongezeka maradufu" au "inapungua kwa nusu". Hayana maana mpaka ujue mwanzoni ilikuwa ngapi. Ugonjwa uliokuwa ukimpata mtu 1 kati ya 10,000 kwa mwaka, ukianza kuwapata 2, umeongezeka maradufu kweli, lakini watu 9,998 hawajaguswa. Ugonjwa uliokuwa ukiwapata 100 kati ya 1,000 ukifika 200, nao umeongezeka maradufu, na huo ni msiba wa mtaa mzima.

Kinga nayo ipime vivyo hivyo. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 40. Tuseme kati ya watu 1,000 waliopata ajali mbaya bila helmeti wangekufa 100. Wakiwa wameivaa, wangekufa kama 60. Watu 40 wanarudi nyumbani, na kwa kifaa kinachonunuliwa mara moja hiyo ni faida kubwa mno. Lakini muuzaji akikuambia kidonge chake "kinapunguza hatari kwa asilimia 40" na hatari yenyewe tangu mwanzo ilikuwa mtu 1 kati ya 100,000, huna sababu ya kukopa ili ukinunue. Asilimia ni ile ile, watu wanaookolewa si wale wale.

Kwa hiyo kila unapokutana na namba ya hatari, andika mambo matatu kabla hujaogopa au kufurahi: kati ya wangapi, kwa muda gani, na ni watu wa namna gani waliohesabiwa. La tatu husahaulika sana. Hatari ya shinikizo la damu iliyopimwa kwa wazee wa miaka 60 haimhusu kijana wa miaka 25, hata kama wanakaa nyumba moja.

Hatua ya 2: Gawa mafungu, ukianza na selimundu

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hesabu hii inagusa familia nyingi za Afrika Mashariki na inaeleweka vibaya kuliko zote.

Kila mtu hurithi jeni mbili za himoglobini (kitu kinachobeba oksijeni ndani ya damu), moja kwa baba na moja kwa mama: A ni ya kawaida, S ni ya selimundu. Mwenye AA hana tatizo. Mwenye AS ni mbebaji. Kwa kawaida haumwi na huenda asijue kamwe. Mwenye SS ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengine huuita siko seli. Jeni hii imeenea kwetu kwa sababu ya malaria: mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba wabebaji wa AS wana kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana maeneo yaliyosumbuliwa na malaria kwa karne nyingi, kama ukanda wa pwani na wa Ziwa Victoria, yana wabebaji wengi.

Sasa baba ni AS na mama ni AS. Chukua mimba 1,000 za wazazi kama hao. Takriban 250 zitatoa watoto AA, 500 watoto AS, na 250 watoto SS. Hiyo ndiyo "moja kwa nne" ya daktari.

Kosa linalofuata nimelisikia kwa watu wenye elimu zao: "Tulishapata mmoja mgonjwa, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima." Hapana. Kila mimba huanza upya, na mbegu haina kumbukumbu ya mtoto aliyetangulia. Mimba ya pili ina nafasi ya moja kwa nne, ya tatu hivyo hivyo, ya nne hivyo hivyo. Vilevile, kuwa na watoto watatu wazima hakumaanishi kwamba zamu ya mgonjwa imefika.

Tazama familia 1,000 za wazazi AS na AS, kila moja ikiwa na watoto wanne. Nafasi ya mtoto mmoja kutokuwa na ugonjwa ni robo tatu. Zidisha 0.75 × 0.75 × 0.75 × 0.75, utapata 0.316. Ukiendelea na hesabu kwa kila hali, familia hizo zinagawanyika hivi: 316 hazina mtoto mgonjwa hata mmoja, 422 zina mmoja, 211 zina wawili, 47 zina watatu, na 4 zina watoto wote wanne wagonjwa. Familia zinazofuata ile picha ya "mmoja kati ya wanne" kamili hazifiki hata nusu. Familia yenye wagonjwa watatu haijalaaniwa, na mama wa familia hiyo hajakosea lolote. Kati ya familia elfu, kama hamsini hivi zitajikuta hapo kwa mgawanyo wa nasibu tu.

Fungu lingine la kuhesabu ni la ndugu. Dada yako ana SS, wazazi wenu wote ni AS, wewe u mzima. Je, nafasi yako ya kuwa mbebaji ni ipi? Wengi hujibu nusu. Rudi kwenye watoto 1,000: 250 AA, 500 AS, 250 SS. Wewe si SS, kwa hiyo wale 250 waondoe. Wamebaki 750, na kati yao 500 ni wabebaji. Nafasi yako ni theluthi mbili. Habari moja tu, kwamba u mzima, imeibadili hesabu, na karibu kila hesabu ya nasibu maishani huenda hivyo: habari mpya huondoa fungu zima mezani, kisha unahesabu waliobaki.

La kufanya: nenda ukapime kabla ya ndoa, na uulize kipimo kinachotofautisha AS na SS. Kipimo cha haraka cha kuangalia kama chembe nyekundu za damu zinapinda huonyesha kwamba jeni ipo, bila kukuambia kama umebeba moja au mbili. Kinachotoa jibu kamili ni kipimo cha kuchambua aina za himoglobini. Mmoja wenu akiwa AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS, hata mwenzake akiwa AS. Mkiwa AS wote wawili, uamuzi ni wenu, lakini uamueni mkiwa na yale mafungu matano mbele yenu. Na mkizaa mtoto SS, kugundulika mapema, kinga ya malaria, dawa za kuzuia maambukizi na hydroxyurea (dawa inayopunguza vipindi vya maumivu) vimebadilisha sana maisha ya watoto hawa.

Hatua ya 3: Kipimo kimesema ndiyo. Je, ni ndiyo kweli?

Chukua kipimo cha haraka cha VVU. Tuseme hukamata karibu kila mwenye maambukizi, na kati ya watu 100 wasio na virusi huwasingizia 2. Ni kipimo kizuri. Sasa mtu amepimwa, jibu limekuja chanya. Nafasi kwamba ana virusi ni asilimia 98? Karibu kila mtu hujibu ndiyo, na si sahihi.

Hesabu watu. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi kwa takriban asilimia 4.4 ya watu wenye miaka 15 na zaidi. Basi kati ya watu 1,000 waliopimwa, 44 wana virusi na kipimo kitawakamata karibu wote. Waliobaki ni 956 wasio na virusi. 2 kwa kila 100 kati yao ni kama 19. Waliopata jibu chanya ni 44 na 19, jumla 63. Wenye virusi kweli ni 44 kati ya 63, yaani kama 70 kwa 100.

Badilisha kundi. Wapime watu 1,000 ambao kati yao ni 10 tu wenye maambukizi. Kweli ni 10, waliosingiziwa ni kama 20. Kipimo ni kile kile, lakini sasa aliyepata jibu chanya ana nafasi ya moja kwa tatu tu ya kuwa na virusi.

Hii ndiyo sababu miongozo ya upimaji haimtangazi mtu kuwa na maambukizi kwa kipimo kimoja. Cha pili kikifanywa kwa wale 19 waliosingiziwa, kitamsingizia tena chini ya mtu mmoja. Lakini ni lazima kiwe cha aina nyingine. Ukirudia kipimo kile kile, kitu kilichokidanganya mara ya kwanza kwenye damu ya mtu huyo kinaweza kukidanganya tena, na marudio yako hayajaongeza habari yoyote.

Kwa hiyo jibu la kwanza likiwa chanya, usitoke kituoni. Subiri vipimo vya uthibitisho. Vikithibitisha, anza dawa, wala usiende mtaani kutafuta kipimo kitakachosema hapana: mtu aliye kwenye dawa anaweza kupata jibu hasi la uongo huku virusi vipo. Na jibu hasi mara tu baada ya tukio la hatari nalo halijafunga mjadala, kwa kuwa vipo vipindi ambavyo kipimo bado hakioni. Rudi baada ya miezi mitatu.

Mpangilio huo huo wa karatasi utumie kwa kipimo chochote: cha typhoid kinachofanywa kwa kila mwenye homa, cha uvimbe, hata cha kamera ya ulinzi inayomtambua mwizi. Swali la kwanza ni wangapi kati ya elfu wanacho kitu kinachotafutwa. Kama ni wachache sana, basi wengi wa waliokamatwa hawanacho.

Hatua ya 4: Zidisha mkeka wako, na tafuta anayekula katikati

Kwenye kubeti, odi, yaani namba ambayo dau lako huzidishwa nayo ukishinda, ni nafasi iliyogeuzwa. Gawa 1 kwa odi, utapata nafasi ambayo bei hiyo inadai. Mechi imewekwa hivi: wenyeji 1.80, sare 3.40, wageni 4.20. Kati ya mechi 1,000, odi zinadai wenyeji watashinda 556, sare 294, wageni 238. Jumlisha: 1,088. Mechi zilikuwa 1,000. Zile 88 zilizozidi ndizo fungu la kampuni. Watu wakiweka kwa jumla shilingi 1,000,000 kwenye mechi za namna hiyo, kwa wastani zinazorudi kwao ni kama 919,000. Hiyo ni biashara yenye gharama zake na faida yake, kama ilivyo kila biashara. Mtu anayelipa shilingi themanini katika kila elfu ili afurahie mechi, na anajua kwamba analipa, simlaumu.

Mkeka ni jambo lingine. Mechi kumi, kila moja odi 1.50, timu kubwa dhidi ya vibonde. Odi zote zikizidishwa zinafika karibu 57.7, dau la 1,000 linaahidi 57,000 na zaidi. Odi ya 1.50 inadai ushindi mara 667 kati ya 1,000. Ukiondoa fungu la kampuni kwa kiwango cha mfano wetu, nafasi halisi ni kama 613. Zidisha 0.613 yenyewe kwa yenyewe mara kumi. Unapata kama 0.0075. Kati ya mikeka 1,000, saba au minane itafika mwisho bila kuchanika.

Sasa fuata fedha. Watu 1,000 wameweka shilingi 1,000 kila mmoja, milioni moja imekusanywa. Wanaolipwa ni saba au wanane, na wote pamoja wanachukua takriban 430,000. Kwenye mechi moja moja zilirudi 919,000. Kwenye mkeka zimerudi chini ya nusu. Kampuni haikubadilisha bei. Fungu lake limekatwa mara kumi, mechi baada ya mechi, kwa sababu wewe mwenyewe umezizidisha. Hicho ndicho kitu ambacho kila kijana anayejaza mkeka anapaswa kukiona kwa macho yake angalau mara moja: kila mechi unayoongeza "ili odi ipande" inampa kampuni kipande kingine cha dau lako. Kodi ya serikali juu ya ushindi bado sijaigusa.

Jakipoti ya mechi 17, ambayo Kenya imezoeleka sana, ina matokeo matatu kwa kila mechi. Njia zote za kuijaza ni 129,140,163. Utasema wewe hujazi kwa kubahatisha, unaijua ligi. Sawa, tukupe ujuzi wa kupatia nusu ya kila mechi, jambo ambalo si dogo kwa mtabiri yeyote. Nafasi yako ni moja kati ya 131,072.

Kisha kuna ushahidi wa aina mbili unaowapoteza watu. Wa kwanza ni mshindi anayehojiwa redioni. Ni mtu wa kweli na alishinda kweli, lakini hukusikia sauti ya waliochana mikeka wiki ile, na wao ndio kundi lako. Wa pili ni muuzaji wa "mechi za uhakika" anayekutumia utabiri bure kwenye simu na kupatia mara tano mfululizo. Hesabu anavyoweza kufanya hivyo bila kujua chochote: ana namba za watu 1,600. Nusu anawaambia magoli yatazidi mawili, nusu hayatazidi. Kesho anawaacha 800 aliowakosea, anaendelea na 800 wengine. Halafu 400, 200, 100, 50. Watu hamsini wamemwona akipatia mara tano bila kukosa, na sasa anawaomba walipie utabiri wa sita. Ukiwa mmoja wa hamsini hao huwezi kuwaona wale 1,550. Ni lazima ujiulize kuwahusu.

Hatua ya 5: Hatari ndogo, kila siku

Hii ni fupi lakini iandike. Tuseme kazi fulani ina nafasi ya 1 kati ya 10,000 kwa siku ya kukupatia ajali mbaya. Siku moja haitishi mtu. Fanya kazi hiyo siku 300 kwa mwaka, miaka kumi: siku 3,000. Nafasi ya kupita salama kila siku ni 0.9999, izidishe yenyewe kwa yenyewe mara 3,000, inabaki 0.74. Kati ya watu 1,000 wa kazi hiyo, kama 260 watakuwa wamepata ajali mbaya ndani ya miaka kumi.

Kwa hiyo "nimeendesha miaka mitatu bila helmeti na sijapata kitu" si ushahidi. Kwa namba hizo hizo, zaidi ya watu 900 kati ya 1,000 wangeweza kusema vivyo hivyo mwishoni mwa mwaka wa tatu. Hatari ya kitu unachokifanya mara moja, kama safari ya ndege ya kwenda Muscat, na hatari ya kitu unachokifanya kila asubuhi hazipimwi kwa jicho moja. Ukitaka kupunguza hatari maishani mwako, anza na zile zinazojirudia: mkanda wa gari, chandarua, maji ya kunywa, breki za pikipiki.

Hatua ya 6: Mvua, na uamuzi usioweza kusubiri uhakika

Utabiri wa msimu unaotolewa na kituo cha ICPAC cha Nairobi kwa nchi za Pembe na Mashariki mwa Afrika hugawa misimu mafungu matatu. Chukua misimu 30 iliyopita, ipange kuanzia yenye mvua chache hadi yenye mvua nyingi: 10 ya kwanza ni chini ya wastani, 10 ya kati ni wastani, 10 ya mwisho ni juu ya wastani. Bila habari yoyote, kila fungu lina nafasi ya theluthi moja.

Sasa tuseme utabiri unasema: juu ya wastani asilimia 45, wastani 35, chini ya wastani 20. Gazeti litaandika "mvua kubwa zaja". Karatasi yako inasema hivi: katika misimu 100 yenye dalili kama za mwaka huu, 45 itakuwa ya mvua nyingi, na 55 haitakuwa. Misimu 20 itakuwa mikavu. Msimu mmoja ukija mkavu, mtabiri hajadanganya, alishasema ishirini. Atakuwa amekosea kazi yake ikiwa kwa miaka mingi ile misimu anayoipa 20 inakuja mikavu mara 50.

Mkulima hawezi kungoja mpaka ajue. Anachoweza kuuliza ni: ile misimu 20 ikinikuta, nitapoteza nini? Kama shamba lote ni mahindi na mahindi hayo ndiyo chakula cha nyumba mpaka mwakani, 20 kwa 100 ni kubwa mno. Kuweka sehemu ya shamba mtama au uwele, mazao yanayovumilia ukame, kunapunguza mavuno ya mwaka mzuri na kunaacha chakula ghalani mwaka mbaya. Sikubaliani na wanaouita ukulima huo wa woga. Ni hesabu iliyokamilika, kwa sababu imeweka pamoja ukubwa wa nafasi na ukubwa wa hasara. Ukipima kimoja tu bado hujapima hatari.

Hatua ya 7: Bima, hasara ndogo ya makusudi

Mtu aliyefuata mpaka hapa anaweza kuniuliza swali la haki: kama kubeti ni hasara kwa wastani, bima nayo si hasara kwa wastani? Ni kweli. Tuseme duka lako lina mali ya shilingi milioni 20 na nafasi ya kuungua ni 1 kati ya 200 kwa mwaka. Kati ya maduka 1,000, matano yataungua, hasara ni milioni 100, yaani 100,000 kwa kila duka. Bima itakutoza zaidi ya hapo, tuseme 180,000. Kwa wastani unapoteza 80,000 kila mwaka.

Lakini wewe huna maduka elfu moja. Una moja. Kampuni ya bima ndiyo inayoishi kwenye wastani. Wewe unaishi ama kwenye yale 995 ama kwenye yale matano, na ukiwa kwenye matano hakuna mwaka wa pili wa kusawazisha. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Gikomba, Nairobi, moto umerudi mara kwa mara mpaka wafanyabiashara wanauhesabu kama msimu. Hasara ya kukufilisisha ni ya kukatiwa bima hata kama hesabu ya wastani inakataa. Hasara ambayo ungeilipa kwa mapato ya mwezi mmoja, kama kioo cha simu, usiikatie. Wastani utakula tu.

Kabla ya kusaini, mwombe wakala akuonyeshe kwenye karatasi: moto unaoanzia duka la jirani umo? Hitilafu ya umeme imo? Mali iliyohifadhiwa stoo ya nyuma imo? Hasara ya kwanza unayobeba mwenyewe ni shilingi ngapi? Kila "hapana" inahamisha baadhi ya yale maduka matano kutoka fungu la wanaolipwa kwenda fungu la wasiolipwa. Punguza hesabu yako papo hapo, kisha ulinganishe na bei.

Kuna kinga ambayo watu wetu wanaitegemea zaidi kuliko bima, nayo ni kikundi: kikoba, chama, mfuko wa kuzikana. Ni kinga nzuri, na kanuni yake ni ile ile ya kugawana hatari ya mmoja kwa wengi. Inavunjika mahali pamoja tu: pale hatari za wanachama zinaposhikana. Wanachama 20 wenye vibanda kwenye safu moja ya soko, kila mmoja akiwa na nafasi ya 1 kati ya 200, si watu ishirini mbele ya moto. Ni mtu mmoja, maana moto ukipita safu ile wote wanahitaji mkopo siku hiyo hiyo, na aliyebaki wa kuwakopesha hayupo. Kikundi cha wakulima wote wa mahindi katika kata moja kina udhaifu huo huo kwenye ukame. Ukiwa mweka hazina, chukua orodha ya wanachama na mbele ya kila jina andika anachotegemea na mahali kilipo. Majina zaidi ya nusu yakiangukia soko moja, zao moja au mwajiri mmoja, pelekeni sehemu ya akiba benki nje ya mikopo ya wanachama, na mnapofungua nafasi mpya anzeni na fundi, mwalimu, mshonaji wa mtaa mwingine.